Benchi la Kituo cha Mwisho

Katika mashindano ya kuvuka uwanda wa juu kwa miguu, sheria ilijulikana na wote: ukikaa kwenye benchi la kituo, umejitoa. Bibi Nyamizi alifika kituo cha mwisho akiwa nyuma ya wenzake wote, soli ya kiatu kimoja imebanduka na kujaa matope.

"Shikamoo, bibi." Msimamizi akalisogeza benchi hadi miguuni pake. "Kaa, gari linakuja kukuchukua."

"Marahaba. Mwaka jana ulinibembeleza hivyohivyo, nikakaa."

"Lakini ukungu unashuka! Na viatu hivyo havifiki mjini."

Nyamizi akavitazama viatu. Kwa hilo, msimamizi hakukosea. Akainama, akavivua kimoja kimoja, makalio mbali na benchi. Kisha akavipanga pale juu, vikichuruzika maji meusi.

"Vilivyochoka ni hivi, na vimekaa. Gari likija, vipakie."

Gari lilipopiga honi, benchini palikuwa na viatu tu, na kwenye matope nyayo pekupeku zilizoingia ukunguni, za karibu bado zikijaa maji.