Kiganja Kwenye Tope

Usijifanye hukuona. Pazia lako lilitikisika Kogo Chesang, bibi kizee jirani yetu, alipopita na kikapu cha magome ya msokonoi, ule mti wa dawa ya kifua. Mjukuu wake alikuwa anakohoa mpaka anazimia. Na sheria unaijua: kila msokonoi uliobaki ni mali ya Kampuni, na anayebandua gome lake huchukuliwa asionekane tena.

"Ulivaa glavu?" nilimuuliza, dawa ikitokota jikoni.

"Nilivaa kubandua. Kupaka tope nilizivua."

"Kogo! Kwa nini?"

"Kidonda cha mti hufunikwa kwa mkono mtupu, wewe. Mama yako hakukufunza? Unadhani mti ule uko hai mpaka leo kwa nini?"

Kiganja chake kizima kimebaki pale shinani, kila mstari. Mashine ya Kampuni ya kusoma alama za mikono imefika darajani. Naisikia ikivuma. Mtoto amelala, anapumua vizuri. Kogo anaosha sufuria.

Waliobeba msitu wetu kwa malori nawakumbuka wote. Hao hakuna aliyewasoma mikono.

Tope halijakauka. Toka humo ndani sasa hivi, wewe na watu wako wote, mje mbandike viganja vyenu juu ya chake.