Maziwa ya Bi Wafaa

Mahari yalikwisha kubaliwa na tende zimeshaliwa, ndipo Bi Wafaa, mama wa binti, aliposema kwamba kijana aliyekuja kuposa yeye ndiye aliyemnyonyesha, kwa ziwa lake.

Ami Hamoud, ndugu wa marehemu baba yake Rasha na ndiye aliyekuwa awe walii wa kumwozesha, akakiweka kikombe chini. Mbele yake alikaa Mwanakheri, fundi cherehani aliyetokea Matemwe, pamoja na mwanawe Wakil, huyo mposaji. Rasha alikuwa nyuma ya pazia la chumbani na mimba ya miezi mitatu, akisikiliza.

"Wakati ule Mwanakheri kalazwa hospitali," Bi Wafaa akasema kwa upole. "Mtoto kaletwa kwangu, nami nnamnyonyesha Rasha. Ningelimwacha alie? Nlimnyonyesha mara tano, na zaidi."

Mara tano. Alijua sheikh ataulizia mara ngapi. Waliochangia ziwa ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Ni kweli Mwanakheri aliumwa, ni kweli mwanawe alilelewa kwa Bi Wafaa, na mtu aliyelala na homa atajuaje mtoto wake alipewa nini? Machozi yakamtoka. Wakil alitazama pazia, kisha akatazama chini.

Mama mdogo Fatma, aliyekuja kutoka Mangapwani kumsaidia dada yake na wageni, alikuwa amesimama na dele la kahawa mkononi. Akageuka nalo jikoni, na hakutoka huko mpaka wageni walipoondoka.

Kabla ya siku ile watu walikuwa wepesi wa kusamehe. Habari ya mimba ilikwisha kuzagaa, maana mtaani kwetu Mlandege siri haikai hata mchana mmoja, lakini wazee wa barazani walisema kijana muungwana, kakubali kosa lake, wafungishwe ndoa aibu isitirike. Wanawake wakaanza kuulizana sare. Wala si huruma. Kwetu ndoa hufuta kila kitu, hata hesabu ya miezi.

Yalipotoka maneno ya maziwa, hakuna tena aliyetaka kusitiri. Mzinzi akawa mnyama. Wakil akipita, baraza zima linanyamaza. Wenye nguo zao kwa Mwanakheri walizifuata, hata zile ambazo hazijakatwa. Rasha akitoka kwenda dukani, wanawake wanawavuta watoto wao kando, utafikiri ana ndui. Maisara, rafiki yake tangu skuli, alimpelekea ujumbe kwenye simu asimtafute tena, mumewe hataki.

Bi Wafaa alilia kila palipostahili kulia. Lakini Rasha alimjua mama yake. Tangu mwanzo hakumtaka mtoto wa mshona nguo. Nyumba yao inavuja na ngazi imeoza, ila nasaba ingali juu. Babu zao walikuwa na mashamba ya mikarafuu, na Mwanakheri ni mpangaji wao wa chumba cha chini. Siku moja Rasha alishindwa kuvumilia, akamwomba mama yake aape kwamba ni kweli.

"Mama haapishwi na mwanawe," Bi Wafaa akajibu. Ikaisha hapo.

Kisha akapanga. Rasha aende Mangapwani kwa mama mdogo Fatma, mbali na macho ya watu, akajifungulie huko. Mtoto asimtie akilini. Wapo watu wema ambao Mungu hakuwajaalia, watamchukua akitimiza siku saba. Yote hayo aliyapanga asubuhi moja, baina ya chai na kwenda sokoni, bila kusita pahala.

Kabla Rasha hajaondoka, Wakil alikuja mpaka mlangoni na hakuingia. Alikuwa amekonda. Mama yake alikwisha mtafutia mke kwao Matemwe, binti wa ami yake aitwaye Muzdalifa, na ndoa ilikuwa Ijumaa, ili watu wapate kumwona mtu tena. Rasha alimshika mkono wa shati. Akamwambia yeye hajali, wavuke waende Bara, huko nani anawajua?

"Mungu anatujua," Wakil akasema, akiutoa mkono wake taratibu. "Nisamehe, dada."

Matusi yote ya mtaa Rasha aliyabeba. Neno lile moja lilimvunja, na hakulisahau.

Huko Mangapwani alizaa mtoto wa kike. Maziwa yakamjia kwa wingi, yakamlowesha nguo, naye akakataa katakata kumnyonyesha. Alisema maziwa ndiyo yaliyomtia motoni. Mpeni ya kopo, mpeni maji, mpeni mtakacho. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama mdogo Fatma, ambaye hakupata kuolewa na ambaye maneno yake kwa siku hayajazi kiganja, alimbembeleza Rasha asubuhi, akambembeleza tena adhuhuri. Rasha aligeukia ukutani.

Mwisho Fatma akamchukua mtoto, akamlaza kwa nguvu kifuani kwa mama yake, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada yangu hajapata kuzaa, wala kuwa na tone la maziwa," akasema. "Wewe nlikunyonyesha mie, kitanda hichi hichi, siku saba, mpaka alipokuja kukuchukua."