Nyumba Mpya ya Bi Hadija

"Hebu rudia, nesi," alisema Yunusi. "Mwezi gani ndio mbaya kuliko yote?"

Prisca aliweka kalamu chini. Hii ilikuwa mara ya tatu mkulima huyo wa korosho kuja zahanati pasipo mgonjwa, kofia yake kaiweka magotini kama mtu aliyeitwa shaurini.

"Julai, baba. Ubaya unaanza Juni, unaisha Agosti, lakini Julai ndiyo yenyewe."

Akamweleza kwa subira. Mji wao umekaa shimoni, vilima vya Ruangwa vimeuzunguka. Masika, mvua huiosha hewa. Kipupwe kikiingia, baridi hushuka kutoka vilimani ikatuama bondeni, na moshi wa majiko ukakosa pa kwenda. Tena ndio msimu wa kupuliza mikorosho. Vumbi la salfa hutambaa chini chini mpaka jua la saa nne lilipandishe.

"Kwa mwenye pumu kama mkeo, asubuhi moja ya namna hiyo ni hatari. Sasa mwezi mzima..."

"Na kule juu kilimani?"

"Kule upepo haukatiki. Ataishi miaka ishirini, dawa haigusi."

"Ndiyo maana," alisema Yunusi, akashusha pumzi ndefu.

Prisca alimwonea huruma. Alimkumbuka Bi Hadija vizuri. Julai iliyopita aliletwa kwa pikipiki, midomo imebadilika rangi, baada ya kulala siku tatu kwenye msiba, nyumba ya nne kutoka zahanati. Yunusi alishinda kando ya kitanda kutwa nzima, akizihesabu pumzi za mkewe.

"Nataka kumjengea nyumba," alisema sasa. "Iwe tayari Juni."

Jioni Prisca alimpigia simu mumewe, Titus, aliyebaki Njombe kikazi. "Ungemwona mzee huyu," alimwambia. "Wewe hata mafua yangu hukumbuki kuyauliza."

Mwezi wa tano watu walimwona Yunusi akinunua bati mjini Nachingwea. Juni nyumba ikaezekwa.

Wiki ya pili ya Julai zililetwa dawa za kuvuta, zilizokuwa zimeadimika tangu Aprili. Prisca alitia mbili mkobani, akaanza kupanda kilima asubuhi ile ile. Nyuma yake bonde lilikuwa limefunikwa, hata mnara wa msikiti hauonekani. Salfa ilimwasha koo na macho yakamtoka machozi. Alipofika juu hewa ikawa nyepesi. Akasimama, akavuta pumzi hadi kifua kikajaa, akamfurahia Bi Hadija kimoyomoyo.

Nyumba ilikuwa moja tu, ua umefagiliwa vizuri. Alitoka mwanamke kijana, hina mbichi mikononi, akamtandikia mkeka.

"Namtafuta Bi Hadija," alisema Prisca.

"Mke mkubwa? Amehama hapa mwezi uliopita, nilipoolewa mimi. Mume wetu kamjengea kule chini, katikati ya mikorosho." Akaitazama sare ya mgeni wake, uso ukachangamka. "Kumbe nesi mwenyewe ni wewe. Anakusifu kweli. Anasema bila wewe asingejua ampeleke wapi."