Taa Ielekee Kiti Chako

Spana ilimponyoka Shomari, ikabingirika juu ya bati, ikadondoka kwenye mchanga wa uani, nyuma ya mkewe. Swaumu wala hakugeuka. Aliendelea kupeta mchele wake.

"Mama Najiat! Hebu nirushie hiyo spana!"

Ungo wala haukusimama. Shomari akashusha pumzi. Haya, kumbe siku hizi ananuniwa hata mchana kweupe! Akaanza kushuka ngazi mwenyewe, magoti yakimuuma kila kipandio.

Alikuwa amechoka. Ametengeneza baiskeli za watu pale Gongoni mpaka mgongo ukapinda, na sasa uzeeni kajitwika kazi ya sola, aliyojifunza kwenye video za simu. Ni ya kujifurahisha tu, ndivyo alivyowaambia watu. Uongo mtupu. Alichokuwa anataka ni mkewe aongee naye tena.

Walihama Gongoni mara tu Swaumu aliponyanyuka kutoka kwenye malaria iliyomlaza nusu ya Ramadhani. Kule walikuwa wapangaji, lakini umeme upo. Huku upande wa Kwihara nyumba ni yao, ila nguzo za umeme hazijafika. Basi giza likiingia tu, Swaumu anafunga mdomo. Kibatari kipo sakafuni, kinamulika masufuria na miguu. Shomari anaongea, anatania, anauliza habari za shamba. Wapi! Mwenzake anakula, anaondoa vyombo, anageukia ukutani. Na hawa ni watu waliozoea kupiga soga mpaka usingizi uwakute mkekani!

Mchana angalau anaongea, lakini kwa sauti ya juu kama anafukuza mbuzi, macho kamkazia mumewe usoni. Najiat, binti yao, akipiga simu kutoka Igunga, mama mtu anaisukuma ile simu: "Ongea naye wewe." Hata mtoto kanuniwa. Halafu wiki iliyopita akazuka na jipya.

"Nyoa hizo sharubu, Baba Najiat. Zimekufunika mdomo mzima."

Sharubu alizozifuga tangu ujana! Akanyoa. Jirani yao Masolwa, mfuga ng'ombe, alipomwona akaegemea ua kwa kicheko.

"Shikamoo, mzee. Sharubu zimekwenda wapi? Au tunaletewa bi mdogo?"

"Marahaba. Huyu mmoja tu ananishinda," Shomari akajibu, na hakuwa anatania.

Maana juzi alimkuta Swaumu akipanga kanga zake sandukuni. Alipomuuliza, alijibiwa bila kupepesa macho: "Mvua zikianza nakwenda kwa Najiat. Kule kuna umeme." Mwanamke ameolewa naye tangu akiwa msichana, leo anamkimbia kwa sababu ya giza. Tangu siku hiyo Shomari hakulala vizuri.

Basi akapanda tena juu. Mara ya kwanza paneli aliiweka kwenye kivuli, betri isipate kitu. Mara ya pili upepo uliitingisha usiku kucha. Safari hii aliifunga kwenye fremu ya baiskeli kuukuu, akaikaza kwa vipande vya tyubu, maana hiyo ndiyo kamba aliyoiamini maisha yake yote. Bati lilimchoma viganja. Jasho likamwingia machoni, akamwomba Mungu ampe hiyo taa moja tu, hata kama ataugua baadaye.

Alasiri alikuwa ndani akivuta waya, Swaumu akaja akasimama mbele yake.

"Taa unaiweka wapi?"

"Jikoni, upate kupika vizuri."

"Jikoni hapana! Weka hapa sebuleni. Ielekee kiti chako."

"Kiti changu cha nini? Mimi nasoma vitabu?"

"Ielekee kiti chako," akarudia, akaondoka zake.

Shomari hakuwa na nguvu za kubishana. Aliifunga hapo hapo alipoambiwa.

Aliporudi kutoka kuswali magharibi, kibatari kilikuwa kimeshawashwa na chakula kipo mkekani. Akabonyeza swichi. Lahaula! Sebule ikawa nyeupe, mpaka utando wa buibui darini ukaonekana. Alitaka kupiga kelele kama mtoto. Akamtazama mkewe. Swaumu alikuwa anakodolea macho kile kiti kitupu, wala taa hakuitazama.

Hapo Shomari aliishiwa kabisa. Akapanda kwenye stuli, akampa mgongo, akajifanya anakaza waya, machozi yasije yakaonekana.

"Mama Najiat, mimi nimechoka," akasema. "Kama nyumba hii imekushinda, au mimi ndiye niliyekushinda, niambie. Nitakupeleka Igunga mwenyewe. Ila usininyamazie, mke wangu. Nakuomba."

Akasubiri. Nyuma yake alisikia upawa ukigonga sufuria. Anapakua! Mtu anamwaga moyo wake, mwenzake anapakua wali.

Kisha mkono ukamshika pindo la kanzu, ukamvuta taratibu.

"Shuka, Baba Najiat. Kaa kwenye kiti chako, unigeukie," Swaumu alisema, kwa ile sauti yake ya juu. "Tangu ile homa, nisipoiona midomo yako sijui unasema nini."