Habari za Vita, Saa Saba Mchana

"Ngome ya mtoni imesimama?" mzee aliuliza kabla hata binti yake hajavuta kiti.

"Imesimama, baba. Jana walituzingira, tukawatimua."

Mzee alimkodolea macho, akacheka mpaka akakohoa. "Imesimama! Haya, nipe habari."

Binti, fundi cherehani aliyevijua vita hivyo kwa kusimuliwa tu, akaendelea kudanganya.

Siku baba yake alipolazwa hospitalini, alitaka kumfurahisha. Mzee, mpima ardhi mstaafu, alikuwa na ugonjwa wa mchezo mmoja wa kompyuta: vita vya koo za Japani ya kale. Kwa miaka sita aliongoza ukoo mmoja mnyonge, akiulisha mchele, akiujengea ngome. Binti akamnunulia nyongeza mpya ya mchezo huo, akaiweka mwenyewe kwenye kompyuta ya mzee kule nyumbani. Alipofungua orodha ya michezo iliyohifadhiwa, ilikuwa tupu. Miaka sita ya baba yake, imefutika kwa kidole chake.

Akajaribu kuujenga upya ukoo ule, lakini nyongeza ilikuwa imebadili mambo. Zamani mchezo ulikwenda kwa zamu, ulikungoja ufikiri. Sasa muda haukusimama. Ukijikuna kichwa, adui yuko langoni. Alipigwa mara tatu kabla chai yake haijapoa.

Basi kila saa saba mchana, saa ya kuwaona wagonjwa, akawa anabuni vita. Mzee naye hakumhurumia. Mchele umebaki magunia mangapi? Wapanda farasi wamepitia bonde lipi? Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanatega sikio, na mmoja aliapa hakubali kwenda nyumbani kabla adui hajasalimu amri. Binti alirudi kazini hajiwezi kwa aibu. Wiki ile alishona shati la mteja, mikono yote miwili ya kushoto.

Siku ya upasuaji, muuguzi alipoleta kitanda cha magurudumu, uvumilivu ukamshinda. Itakuwaje baba akiingia chumba cha upasuaji akiwa bado anaamini uongo wa binti yake, asitoke? Akamshika mkono.

"Baba, nisamehe. Hakuna ngome. Nilipoweka ile nyongeza nilifuta kila kitu. Siku zote hizi nakudanganya."

Machozi yalimtoka. Muuguzi akajifanya anakaza shuka.

Mzee alimvuta karibu, akashusha sauti ili majirani wasisikie.

"Hukufuta kitu, mama. Ngome ya mtoni ilianguka siku moja kabla sijalazwa. Ukoo wote uliangamia, nikaufuta mwenyewe kwa hasira." Akajilaza vizuri kitandani. "Sasa, kesho tunashambulia wapi?"