Kulenga Karatasi ya Jirani

Ili apige karatasi yake, mlinzi alilazimika kulenga ya jirani.

Hilo aligundua mwenyewe, baada ya mazoezi ya muda mrefu kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya ghala la kampuni. Karatasi zilitundikwa karibu karibu, kila moja na mtu wake aliyechorwa, yake ikiwa ya mwisho kushoto. Akilenga kifua cha mtu wake, risasi zilikwenda kushoto zikatoboa ubao mtupu. Akilenga kifua cha mtu wa kulia, zote zilirudi kwake, katikati, zimebanana kama mbegu ndani ya papai.

"Ipeleke bastola kwa fundi," mwenzake wa lango la pili alimwambia. "Hicho kibati cha kulengea kimepinda."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," akajibu kwa upole.

Tangu siku hiyo wakamwita Mbaazi. Hakuona ubaya. Alikuwa mtu wa kujifunza polepole, na hakuwahi kukutana na kosa ambalo, akilichunguza vizuri, halikuwa lake.

Mwaka uliopita alianguka mtihani wa shabaha. Safari hii kampuni ilikuwa imetoa agizo jipya: atakayeanguka, awe mlinzi au msimamizi, atarudisha bastola na kwenda nyumbani moja kwa moja. Mlinzi angeweza kurudia mara moja tu, iwapo msimamizi wake angemwombea. Msimamizi hakuwa na wa kumwombea.

Silaha hazikuruhusiwa kutoka kazini, basi nyumbani alijifunza kwa mwiko. Aliushika kwa mikono miwili, akaweka kifungo cha shati juu yake, akavuta pumzi, akaitoa nusu, kisha akakunja kidole taratibu ili kifungo kisianguke. Kifungo kikaanguka. Akakiokota.

"Baba watoto," mkewe akaita, "huo mwiko nauhitaji. Au leo nikoroge kwa bastola?"

"Subiri kidogo. Siri yote iko kwenye kidole. Kidole kisijue kama kinafyatua."

"Na tumbo lisijue kama halijala?"

Akaurudisha mwiko. Lakini mazoea yana taabu. Kila alipotaka kupiga kalenda ukutani, alijikuta akilenga picha ya harusi yao iliyokuwa kuliani. Mkewe alilitazama jambo hilo siku chache, kisha akaihamishia picha chumbani.

Afande, msimamizi wao, hakuwahi kuonekana akifanya mazoezi. "Samaki hafundishwi kuogelea," alisema. Alisimama nyuma ya vijana wake akichekacheka, simu ameinyoosha mbali na uso kama kitu kinachonuka, mpaka apatikane wa kumsomea ujumbe. Miwani, kwa maneno yake, ilikuwa ya wazee.

"Mbaazi, hebu nieleze tena," alimwambia siku ya mwisho ya mazoezi. "Unalenga wapi?"

"Kifua cha jirani wa kulia, Afande."

"Na hukosi?"

"Siku hizi sikosi."

Afande alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaitazama bastola ya Mbaazi. "Basi usibadilishe kitu. Mtihani si mahali pa kujaribu mambo mapya."

Maneno hayo yalimtia moyo. Jioni alimkabidhi Afande bastola aifungie kabatini kama kawaida, akaenda zake nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake walinzi walipojipanga, Afande alimsogeza mtu mmoja, akasimama mwenyewe kuliani kwa Mbaazi.

"Nataka nikuone kwa karibu," akasema.

Kulenga kifua cha jirani ni jambo moja. Kulenga cha bosi ni jambo jingine. Lakini alishaambiwa asibadilishe kitu. Mbaazi akashika bastola kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaitoa nusu. Ncha ya mbele ya mtutu ikaonekana wazi, na mtu wa karatasi ya Afande akawa ukungu nyuma yake. Akaanza kukunja kidole. Risasi kumi zilitoka moja moja, kidole hakina habari. Kuliani, Afande naye alifyatua, na vumbi likaruka kwenye tuta nyuma ya mbao, juu kabisa.

Mbaazi alishusha mtutu akiwa na uhakika kwamba maishani mwake hajawahi kupiga vizuri namna ile.

Mkaguzi kutoka makao makuu alikwenda kwenye mbao, akarudi na karatasi zao mbili.

"Afande, risasi kumi, matundu kumi, yote kifuani. Mzee wangu, hilo ni jicho la mwewe." Akainua karatasi ya pili, akaigeuza mbele na nyuma, akaichungulia kwenye mwanga. "Hii naona inaweza kutumika tena."

Wenzake wakacheka. Mbaazi akacheka nao; hata dukani hakuwahi kuona karatasi safi kiasi kile. Kisha akaanza kupanga namna ya kumweleza mke wake, na asijue aanze na kidole, na pumzi, au na jua.

Afande akamvuta pembeni.

"Nimeshakuombea kwa mkaguzi. Unarudia kesho asubuhi."

"Asante sana, Afande. Nitajirekebisha. Leo sijui hata nimekosea wapi."

"Hujakosea." Afande akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Jana jioni niliipeleka bastola yako kwa fundi, akakinyoosha kile kibati. Kesho, mwanangu, lenga karatasi yako."