Tumbo Lisilouma

Ambakisye aliingia jikoni jasho likimtiririka. Mkewe, Sekela, alimgusa tumbo akalikuta gumu kama ubao.

“Baba Tupo, unaumwa.”

“Nani anaumwa siku hizi?” akacheka.

Ni kweli. Kila mtoto alipozaliwa alipandikizwa kidude kwenye uti wa mgongo. Kiliuchochea mwili umwage kemikali zake za kutuliza maumivu, yaani serotonini na afyuni yake ya asili, na maumivu yakafungiwa mlango humo humo mgongoni, yasifike kwenye ubongo. Watu waliungua, wakavunjika, wakaendelea na kazi.

Ambakisye akatapika, akaanguka. Majirani wakasaidia kumfikisha hospitali.

“Kuna kitu kimepasuka ndani, ila picha hazionyeshi ni wapi,” daktari alisema. “Tukizima kidude chake, atatuonyesha mwenyewe.”

“Itakuwaje, daktari?”

“Sijui, mama. Hata mimi sijawahi kuumwa.”

Sekela akaitikia kwa kichwa. Kidude kikazimwa, na Ambakisye akatoa sauti ambayo mkewe hakujua kwamba binadamu anaweza kuitoa.

“Hapa! Hapa!” alilia, akishika chini ya mbavu za kulia.

Daktari alitia alama, akawasha kidude, akapasua. Mgonjwa akapona.

Sekela aliporudi nyumbani, alimlaza binti yao Tupo kitandani, akambonyeza tumbo taratibu, upande hadi upande.

“Mama, unanitekenya!”

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto akaendelea kucheka.